Mistari Saba ya Mamerko

Siku ya Mirihi, 3 Aprili

Salamu kwanza, maana sijui namna nyingine ya kuanza kuandika. Salamu miungu wa jikoni kwetu. Salamu mume wangu Vibio, unayekoroma hapo kitini. Salamu mama mkwe. Najua, uji ulikuwa wa moto mno, na kesho utakuwa wa baridi mno. Salamu mwanangu Mamerko, nuru ya macho yangu, uliyerudi vitani mzima. Mimi Ovia mwili hauna neno. Roho ndiyo inayougua, na ugonjwa wenyewe ni Herenia.

Herenia wa nyumba ya pili! Mwanawe Trebio naye karudi kutoka vita vya kaskazini. Ana kovu kifuani. Kila asubuhi mama mtu anamwita kisimani ambebee mtungi, na mtungi haubebeki mpaka kanzu ivuliwe! Leo akaniuliza, mbele ya wanawake wote, kama wangu naye ana jeraha. Nikasema analo. Akauliza liko wapi. Nikamwambia, shoga, maji yako yanamwagika.

Liko kalioni. Aliumwa na nyumbu wa kubeba mahema. Na hapa kwetu hata mtoto anayenyonya anajua: shujaa wa kwenye tenzi huumia mbele, aliyekimbia huumia nyuma. Lakini nyumbu ndiye aliyetokea nyuma! Mwanangu hakukimbia. Alikuwa ameinama.

Siku ya Utaridi, 4 Aprili

Habari kubwa. Tajiri wa mji amemwajiri Sotiriko, mtunzi, atunge utenzi wa vita vile. Utasomwa uwanjani siku ya Zohali, na vijana wa mji watatajwa. Aliyetajwa hafi jina, hata miaka elfu ipite.

Trebio yumo. Mamerko hayumo. Sotiriko kasema hajawahi kusikia utenzi wa mchunga nyumbu.

Chakula hakipiti. Mwanangu apite duniani kama moshi, na yule mvua-kanzu aimbwe?

Siku ya Mshtarii, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Sotiriko na bata bukini wa kuchoma na mikate ya asali. Vibio kauliza bata yuko wapi. Nikasema amehama.

Mtunzi alimaliza paja zima ndipo akauliza jeraha liko wapi. Nikasema liko mwilini. Akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akawa mpole. Akaniuliza Mamerko alizaliwa wapi. Nikamweleza: mtoni, uchungu ulinishika nikifua. Na mti wa tini tulioupanda siku ile. Na siku anaondoka nilivyomshika mshipi hadi ukakatika mkononi. Yeye anaandika tu, macho yamemlowa.

Nikauliza Trebio ana mistari mingapi. Mmoja. Na wangu? Saba!

Nimepita mlangoni kwa Herenia mara tatu. Sikuwa na shughuli yoyote huko.

Siku ya Zohali, 7 Aprili

Ee miungu!

Tulikaa karibu na Herenia, kusudi. Mamerko katikati yetu na dengu zake za kukaanga. Trebio alipita katikati ya majina mengine kama shuka kwenye kamba ya nguo. Kisha: Mamerko, mwana wa Ovia! Mto. Mtini. Mshipi. Nikampiga Herenia kiwiko.

Mstari wa saba, mkuki ukamwingia mwanangu chini ya kifua ukatokea na ini. Giza likamfunika macho.

Nilipiga yowe. Mamerko akaacha kutafuna. Akauliza, mama, kwani nimekufa? Nikamtemea mate kifuani mara tatu kuondoa balaa.

Nikamkamata Sotiriko kwa joho. Akashangaa kweli. Akasema, mama, hujasikia tenzi wewe? Anayebaki hai hutajwa jina likapita. Anayetajwa na mama yake na mti wake, huyo mkuki uko njiani. Ulipotaja tu mtini, nilijua umekuja kumzika.

Na ni kweli! Tangu utotoni nimewalilia wote hao wa kwenye tenzi, na sikuwahi kung'amua.

Nimemlilia amfufue. Kaahidi: usomaji wa pili ni siku ya Utaridi, atampa mstari mmoja, akiwa hai. Nimemkumbatia mwanangu mpaka akalalamika mbavu.

Siku ya Jua, 8 Aprili

Kisimani wanawake wamenipisha. Wananipa pole! Mamerko mwenyewe kasimama pale na mtungi, nao wanamtazama na kulia. Mke wa mwokaji kanipa mkate wa moto, kasema mkuki ule uliingia mbele, waziwazi, kila mtu kasikia. Mbele! Hakuna anayeuliza tena habari ya kalio.

Na Herenia? Kanibebea mtungi hadi mlangoni, mdomo kaufunga kama chaza.

Nimepeleka neno kwa Sotiriko: asiguse kitu.

Mamerko kaniomba, basi mama, niache hai, hata kwa nusu mstari. Anasema rafiki zake wanamsalimia kwa kunong'ona, na binti wa mfinyanzi kakataa kucheza naye, eti mwili wake ni wa baridi kama wa maiti. Nikamwambia avumilie, sifa haziji bure.

Siku ya Mwezi, 9 Aprili

Nyoka yule! Herenia kaenda kwa Sotiriko na nguruwe mzima. Trebio naye anakufa sasa. Mistari kumi na mmoja, na mchumba anayejing'oa nywele! Nimemwona mama mtu akifagia mlango huku akiimba.

Kumi na mmoja! Wangu saba!

Nimeandika upesi, na hii ndiyo barua, neno kwa neno:

Bwana Sotiriko, salamu. Nataka kumi na minne. Mkuki uende polepole, na aseme maneno kabla ya kukata roho. Babake aanguke kifudifudi. Vibio hajaulizwa, lakini ataweza. Mchumba sina, ila nina mama mkwe, naye naweza kumtoa afe kwa huzuni ikiwa mistari inaruhusu. Nakuja na kondoo. Nijibu leo hii, kabla jua halijatua, maana Herenia ameshavaa viatu.