Ordre de mission ya ambulance

Kuanzia Jumatatu, mji wa Likasi haukuwa tena na foleni, ulikuwa na "mtiririko ulioratibiwa." Ndivyo alivyotangaza Directeur Magloire, mkuu wa Ofisi ya Kupisha, mbele ya magari mia mbili yasiyo na shoferi, yanayoongea yenyewe kwa yenyewe na kuifungulia ambulance njia. Mambo safi kabisa. Ila gari litajuaje nani mgonjwa kweli na nani anajifanya? Kwa hiyo Magloire akaongeza article moja ndogo kwenye sheria: kwanza ambulance ionyeshe ordre de mission, karatasi ya ruhusa yenye sahihi yake. Hata sauti ya magari ni yake; alitaka raia waizoee.

Wiki hiyohiyo Mama Glodie wa mtaa wa Kikula alijifungua barabarani, sahihi ikingojewa; Directeur alikuwa anakula. Magloire akaandika ripoti bila haya: ambulance iliondoka na watu watatu, ikafika na wanne. Maendeleo hayo.

Ijumaa kifua kikamkaba yeye mwenyewe. Angèle, muuguzi, akamlaza ndani ya ambulance, na katikati ya Kikula magari yakasimama, yamejipanga vizuri sana.

"Ordre de mission," likasema gari la mbele, kwa sauti ya Magloire.

Magloire akasaini kwenye simu.

"Muntu hawezi kujisainia ordre yake mwenyewe. Asante kwa uvumilivu."

Hiyo nayo aliitunga yeye. Akampigia makamu wake.

"Gaston, saini. Miye niko nakufa."

"Pole, chef. Lakini mulinikataza kugusa kalamu. Kamati tu ndiyo inaweza kunipa ruhusa, na kamati inakaa jeudi, Alhamisi ijayo. Leo ni vendredi."

"Jeudi nitakuwa kaburini, weye."

"Basi tutaandika condoléances, rambirambi, chef. Zile hazihitaji sahihi yenu."

Magloire akalia, uoga umemshika kwelikweli. Kando yake Kabedi, muuza makala, yale makaa ya kupikia, alikuwa anapita na kinga yake, baiskeli yenye magunia matatu, bila kuulizwa kitu. Article haikutaja baiskeli. Angèle hakungoja kamati. Wakashusha magunia mawili, wakamlaza Directeur juu ya lile lililobaki, na suti yake nyeupe.

"Mushikilie, chef," Kabedi akasema, akisukuma. "Kwa munganga wa hospitali si mbali. Lakini mukipona, hii kinga yangu musiiandikie article."

Magloire, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuahidi kitu bila kamati, akaapa kwa jina la mama yake.