Mwololo Anaomba Mbwa

Gazeti likiwa mikononi mwa Odero, chai ya watu wote hupoa. Tunamwita Profesa, si kwa kuwa amesoma, bali kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba lipo jambo asilolijua. Asubuhi hiyo tulikuwa kwenye benchi letu, nje ya kibanda cha chai cha Nasimiyu, pale Dagoretti Corner.

"Wasee, sikieni maajabu! Makao ya mbwa waliotupwa imejaa. Wanaomba watu waende wachukue. Lakini kwanza unafanyiwa intavyuu, halafu wanakuja kukagua nyumba yako!"

"Mbwa koko?" Nasimiyu akauliza, sufuria mkononi. "Mimi nikiolewa hakuna mtu alikagua nyumba. Wangekagua, singekuwa hapa nauza mandazi."

"Ati isifungwe mnyororo. Isilale nje kwa mvua. Ikule mara mbili kwa siku."

"Mara mbili? Waambie mbwa isonge kidogo, na mimi niingie."

Mimi nilifunzwa kwamba mbwa hula makombo na hulipa kwa kubweka. Nikasema, "Ni mpumbavu gani atakayeketi chini ahojiwe ili apewe mbwa?"

Mwololo, muuza mbao wa ng'ambo ya barabara, akakohoa ndani ya kikombe.

"Mzee, mimi nimeomba."

Benchi likatetemeka kwa kicheko.

"Chekeni tu! Wezi wamebeba mbao tena juzi. Wakirudi, nafunga yadi narudi Kitui."

"Na ile kamera yako?" Odero akamchokoza. "Si ulituambia mbwa ni ushamba, ati kamera haiitishi ugali?"

"Wezi walianza na kamera."

"Na haikubweka, masikini!" Odero akamalizia.

"Tuonyeshe mchumba," Nasimiyu akadai. Mwololo akatoa simu. Katika picha alikaa mbwa wa kahawia, sikio moja limepasuka, kitambaa chekundu shingoni.

"Wanamwita Biskuti," akasema kwa haya.

Nasimiyu alipangusa mikono, akaitazama picha, akaitazama tena.

"Yesu wangu! Biskuti gani? Huyu ni Simba! Hiyo sikio si ilikatwa na mabati ya kibanda yangu?"

Sote tukainama. Alikuwa Simba kweli, mlinzi wa yadi ya Mwololo hadi siku kamera ilipofungwa. Mwololo mwenyewe alitusimulia, akicheka, jinsi alivyompakia kwenye pikapu na kumshusha kando ya barabara ya Naivasha, mvua ikinyesha.

"Manze!" Odero akapiga paja. "Ulimtupa bure, sasa unaombwa tabia njema ndio urudishiwe!"

Kabla Mwololo hajajibu, simu yake ililia. Uso ukambadilika.

"Ni hao! Mzee, niliandika jina lako unidhamini. Waambie napenda wanyama. Tafadhali!"

Akaipokea, akasema mdhamini wake yuko hapa, akanibandika simu sikioni.

"Habari yako mzee, naitwa Beryl, natoka makao ya wanyama. Huyu Mwololo amewahi kufuga mbwa?"

"Amewahi."

"Alienda wapi?"

Mwololo alikuwa ameunganisha viganja kama mtu aliye madhabahuni.

"Binti yangu," nikasema, "nimefika umri huu bila kusema uongo kwa ajili ya binadamu, sitaanza leo kwa ajili ya mbwa. Mbwa wake yuko kwenu. Ni huyo huyo anayemwomba. Alimtupa yeye mwenyewe."

Mwololo akashusha viganja.

"Asante kwa ukweli, mzee," Beryl akasema. "Mwambie aje Jumamosi. Sisi hatuna maswali tena. Tutamfungua Biskuti tu, tuone kama atamkaribia."

Nilipowasilisha ujumbe, Odero nusura aanguke. "Mwenye kukuhoji ni yule uliacha kwa mvua! Beba mfupa, ndugu yangu!"

"Na uvae ile koti yako ya zamani, akujue," Nasimiyu akashauri.

"Wacha wewe!" Odero akamkatiza. "Akimjua ndio shida."

Mwololo hakucheka. "Mzee, kwani mbwa hukumbuka?"

"Mtenda husahau," nikamjibu. "Mtendwa hasahau."

Nikatwaa bakora yangu, na wenzangu wakatawanyika kwenda kazini. Nilipogeuka, nilimwona Mwololo amesimama peke yake langoni mwa yadi, akijaribu mluzi ule aliokuwa akimwitia Simba. Alikosea, akalamba midomo, akaanza upya.