Kituo Kiko Saa Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kanisikiliza kifua muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kasema moyo umechoka. Nikamwuliza umebakiza muda gani. Kajibu yeye si mtabiri, kisha akamwita binti yangu nje na kufunga mlango. Mtu akiitiwa mwanawe nje, hesabu anaijua.

Basi nakiri. Nina miaka themanini na moja. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na minane, macho yakazimika mwaka niliostaafu. Naandika kwa nukta nundu, kwa kibao na kalamu ya kutobolea, ili binti yangu asisome. Daftari hili lifunguliwe nikishazikwa. Mwenyekiti wa chama chetu cha wasioona alisome mbele ya wanachama, polepole, bila kuruka.

Dhambi yenyewe bado sijaitenda. Naianza kesho.

Mambo ni haya. Chama kinachagua programu moja ya simu ya kutuongoza barabarani na kwenye mabasi. Wanachama wote watafundishwa hiyo, na aliyeipendekeza ndiye atakayekuwa mkuu wa mafunzo. Zimebaki mbili. Yangu inaitwa Dira. Inasema kama msomi: elekea kaskazini mashariki, nyuzi arobaini na tano. Wenzangu wanalalamika kwamba hawajui kaskazini iko wapi. Hilo ni kosa la kaskazini?

Ya pili ni Nyayo. Mpendekezaji wake ni shemeji yangu, dada wa marehemu mke wangu, haoni tangu utotoni. Alikuwa opereta wa simu miaka thelathini na mmoja na mpaka leo mji mzima unamwita Opereta. Nyayo haijui kaskazini. Inaelekeza kwa saa: mlango uko saa kumi na mbili, ngazi ziko saa mbili. Kama vile mtu ana mshale tumboni!

Alhamisi Opereta atatembea na Nyayo peke yake, kutoka ofisi ya chama hadi kituo cha basi asichowahi kukifikia, kisha kwa basi hadi kliniki. Ijumaa zamu yangu na Dira. Jumamosi kura. Sitaki kufa nikiwa mwanachama wa kawaida.

Jumanne, 5 Machi

Nimeitenda.

Opereta alipiga simu mwenyewe. Sauti ya ofisini, ile ya "subiri nikuunganishe". Alitaka kujua: Nyayo ikisema saa tatu, ni upande gani? Mtu aliyewahi kuiona saa ukutani hujibu bila kufikiri. Yeye hajawahi. Saa yake ni ya kupapasa, nayo huipapasa kujua muda, si kujua njia.

Ukweli ni huu, na mwenyekiti ausome mara mbili: watengenezaji wanahesabu namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa. Tatu iko kulia. Saa tatu ni mkono wa kulia.

Nikamwambia: shemeji, sisi tunasomaje saa? Saa tatu asubuhi mshale mfupi unagusa wapi? Nikasikia anafungua kifuniko cha saa yake, anapapasa. Kasema unagusa tisa. Nikamwuliza tisa iko upande gani. Kushoto, akasema. Basi, nikasema, ndiyo hiyo.

Akanishukuru! Kasema mwalimu hazeeki.

Uongo wenye hoja ni mtamu kuliko ukweli mtupu. Alhamisi, kwenye kona ya duka la vitabu, Nyayo itasema kituo kiko saa tatu, naye atakwenda kushoto, atazungukazunguka, atarudi ofisini na aibu. Hakuna atakayeumia. Nimekula chakula chote leo.

Jumatano, 6 Machi

Binti yangu karudi kazini na viatu vimejaa tope. Kalalamika kwamba watu wa maji wamechimba kwenye kona ya duka la vitabu. Mtaro wa kufika kifuani. Hakuna kamba, hakuna ubao. Nikauliza, kwa utulivu mkubwa, uko upande gani ukitokea ofisini kwetu.

Kushoto.

Sikumaliza chai.

Nimempigia Opereta mara tatu. Hapokei. Mwenyekiti keshanieleza kwamba shemeji kaapa hatapokea simu ya mpinzani hadi kura ipigwe. Nikamtumia ujumbe wa sauti: shemeji, kesho jihadhari na kushoto. Akajibu kwa sauti pia, anacheka:

"Shemeji, jana umenipa kushoto, leo unaninyang'anya. Kesho si utanidai na kulia?"

Nikampigia mwenyekiti. Nimesema kuna mtaro, upande wa kushoto, Opereta ataingia. Mwenyekiti kashangaa. Kasema Nyayo itamwambia saa tatu, yaani kulia, Opereta akafuate nini kushoto? Nikasikia ananisubiri. Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: nilimdanganya, ni kulia. Yamekaa kooni kama mfupa wa samaki. Badala yake nitakwenda mwenyewe nimzuie kwenye kona. Daktari kakataza ngazi, mabasi na hasira.

Kama angeumia, ningejuta.

Alhamisi, 7 Machi. Wodini

Binti yangu kaniletea daftari na kibao bila kujua anabeba nini. Opereta alikuwa aanze saa tatu asubuhi. Saa tatu! Hata ratiba inanisuta.

Nilitoka saa mbili, binti yangu alipokwisha kwenda kazini. Fimbo, simu, Dira. Basini Dira ilitaja kituo changu kwa ufasaha kabisa, baada ya kukipita. Nikashuka kituo kilichofuata. Saa tatu kasoro dakika nane. Moyo ukawa unagonga kama mgeni mwenye haraka.

Nikaanza kurudi kwa miguu. Magari mengi, Dira siisikii vizuri. Nikaziba masikio yote mawili kwa spika za masikioni. Na kanuni ya kwanza ya kijitabu chetu, niliyoiandika mimi, inasema: sikio moja liachie barabara.

Dira ikasema elekea kusini magharibi, nyuzi mia mbili ishirini na tano. Nikaelekea. Nilikuwa nikiita "Shemeji! Simama hapo!" huku natembea. Watu walinipisha. Wengine, naambiwa sasa, walikuwa wakinipigia kelele.

Fimbo ilikosa ardhi. Kisha mimi.

Tope lilinipokea vizuri. Kifundo cha mguu hapana. Sikuwaza mguu. Niliwaza kwamba dakika yoyote shemeji ataniangukia kichwani. Nikapapasa mtaro mzima nikimtafuta. Nikashika buti. Ndani ya buti kulikuwa na mchimbaji, mtu mpole. Kaniketisha juu ya bomba, kaniondolea spika masikioni, kisha kaniambia:

"Mzee, methali inasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wachimbaji ni sisi. Wewe umefuata nini humu?"

Nilimwuliza kama ameona mama mwenye fimbo nyeupe. Kasema amepita zamani, akageuka kulia, akapanda basi. Kumbe alianza mapema, maana opereta haingii zamu kwa kuchelewa.

Ijumaa, 8 Machi. Wodini

Mguu umefungwa plasta. Daktari kashangaa: kwa msukosuko ule moyo ulipaswa kusimama, nao unapiga vizuri kuliko Jumatatu.

Binti yangu kanigombeza kwa kituo na mkato. Kisha akaenda nyumbani na nikasinzia. Nimeamshwa na sauti ninayoijua kuliko zote: vidole juu ya karatasi. Vidole vyepesi, vya haraka. Mtu anasoma daftari langu!

Nilimficha binti yangu anayeona. Sikukumbuka kwamba shemeji haoni.

Sikujitingisha. Alisoma Jumanne yote. Alisoma Jumatano. Akarudia mstari. Nilisubiri anipige kwa kibao.

Kasema alijua tangu Jumanne ileile. Baada ya kukata simu alisimama mlangoni kwake, akaiuliza Nyayo duka la dawa liko wapi. Ikasema saa tatu. Duka hilo amelitembelea miaka ishirini, liko mkono wa kulia. Kasema programu ni kama mkwe mpya, huipimi ugenini, unaipima kwako kwanza.

Nikauliza kwa nini hakunisema. Akashika mkono wangu, akaweka kidole changu juu ya mstari wa mwisho wa Jumatano.

"Hii 'nge' inafanya nini hapa, shemeji? Nimekuja kwa miguu yangu miwili. Sasa juta bila 'nge'."

Nimesema nitairekebisha. Nilisema kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Nyumbani. Daktari anasema moyo huu unaweza kuniburuta hata mwaka. Mwaka! Mipango yote inabadilika.

Kura: Nyayo kumi na mbili, Dira moja. Mimi sikuwepo. Ile moja ilikuwa ya Opereta. Kawaambia wenzake kwamba uwanjani, pasipo kuta wala kona, kaskazini ina maana, na mwalimu wake angali hai. Kisha, akiwa mkuu wa mafunzo, kaomba niwe msaidizi wake. Msaidizi!

Amepita leo anifungulie dirisha na kutaka somo la kwanza. Tuanze na kaskazini, kasema, lakini tuanzie mahali tunapopajua. Mlango wa ofisi ya chama unatazama wapi?

Nilikuwa na maneno ya kweli mdomoni. Nayaapia.

Nimemwambia unatazama kaskazini. Unatazama mashariki. Kila asubuhi jua humpiga mtu usoni pale kizingitini, lakini ni nani atakayewaza jambo kama hilo?

Daftari nimelihamishia chini ya godoro. Ile "nge" bado ipo.