Tangi Lililokataa Kushiba

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu. Jina hilo alilipata kwa kuwaita watu wote shemeji, mpaka wakamwachia vitu vyao bila kuuliza kamwoa nani. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kituo cha mafuta, ameegemea gari lake jeupe lenye viti laini kama mto wa mtoto, akilitazama pikapu moja kuukuu likicheua.

Maana lilikuwa linacheua kweli. Mjaza mafuta akibonyeza, pampu inakata, tak! Akibonyeza tena, petroli inamrukia viatuni.

"Pole, mwanangu," alisema mwenye pikapu, mama mtu mzima mwenye kilemba cha maua ya njano. Akampa chupa yake ya maji anawe.

Shemeji aliujua ugonjwa ule. Tangi lina kipaipu cha kupumulia. Kikiziba, hewa inakosa pa kutokea, mafuta yanarudi mdomoni. Dawa yake ni kuzibua tu, na pikapu kama lile likishazibuliwa lina thamani ya magari mawili kama lake. Akavaa uso wa msibani.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba. Binti yangu ameshaolewa, baba."

"Basi mama mdogo. Tangi likianza kutapika, injini nayo inafuata. Hili ni la kuzika."

"Wiki hii siziki kitu," mama akasema. "Binti yangu ana mimba ya kwanza, siku zake zimefika, na hospitali ni mbali. Hili linamrusha kama bisi kwenye sufuria. Jana alishuka analia."

Shemeji akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, kama mtu anayekubali uaskofu.

"Chukua langu. Mimi nitabaki na marehemu wako. Moyo wangu ndivyo ulivyo, unanitia hasara kila siku."

Mama akaenda kukibonyeza kiti cha nyuma kwa viganja, taratibu, kana kwamba binti ameshalala pale. Machozi yakamlengalenga.

"Mungu akuzidishie. Lakini baba, kuhusu hilo tangi, usi..."

"Mama, matangi nayajua mpaka utumbo."

"Sawa, ila ukishavuka nusu..."

"Mama! Mjamzito hangoji hotuba."

Mama akamwangalia kwa upole, kama anavyoangaliwa mtoto anayekataa koti asubuhi ya baridi. Wakabadilishana funguo na kadi za magari, mjaza mafuta akiwa shahidi, na gari jeupe likaondoka polepole.

Shemeji akajilaza chini ya pikapu, anaimba. Kipaipu hiki hapa, na ndani yake kitambaa kilichosokotwa vizuri. Akakivuta. Tangi likashusha pumzi ndefu.

"Jaza mpaka shingoni, shemeji!"

Safari hii pampu haikukata. Mafuta yakapanda, yakavuka nusu, kisha yakaanza kububujika uvunguni.

"Zimeni injini!" mjaza mafuta akapiga kelele.

Wateja wakatimua mbio. Mwenye kituo akatoka na ndoo ya mchanga na fagio, akamkabidhi Shemeji vyote viwili, na jina alilomwita halikuwa shemeji. Ubavu wa juu wa tangi ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki chujio lililozibwa kwa sabuni, na sabuni ilikuwa imeachia kwa uzito wa mafuta. Hapo ndipo Shemeji alipokitazama vizuri kile kitambaa: maua ya njano.

Shemeji akiwa bado anafagia, gari jeupe likarudi kutafuta mafuta, maana yeye mwenyewe hakuwa na desturi ya kulijaza. Nyuma binti amejinyoosha, ameshika tumbo. Mama akateremsha kioo.

"Ulikichomoa, baba?"

"Kumbe ulikiweka wewe?"

"Ili hawa vijana wasilijaze kupita nusu. Si nilikuwa nakwambia?"

"Mama, maneno baadaye!" binti akasema, akacheka, akakunja uso, akacheka tena. "Ila kiti hiki, jamani, asante."

Gari jeupe likanywa kimya kimya, bila kutema hata tone. Kabla ya kuondoka, mama akampa Shemeji chupa ile ya maji.

"Nawa, mwanangu, petroli inaunguza ngozi. Na kitambaa changu kirudishe palepale."