Nguruwe Wanaosubiri Marehemu

Tarehe 14 Mei

Kwa Ndugu Afisa Wanyamapori,

Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Mimi ni mjane wa yule fundi baiskeli wa nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Naomba, kwa heshima zote, uwaondoe nguruwe mwitu wanaoingia shambani kwangu. Tangu mume wangu afariki, viazi vitamu vile ndivyo vinavyonilisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ni wachaguzi. Wanafukua tuta zima, wanakula viazi vizuri, vyenye funza wananiachia mimi. Mume wangu naye hakula kiazi kabla ya kukibonyeza, lakini yeye alikuwa na ruhusa.

2. Karani wako alinishauri nitundike uani nguo ya mwenye nyumba isiyofuliwa. "Mama, nguruwe akinusa mtu tu, anatimua mbio," alisema. Nikatundika koti la kazi la marehemu, lenye grisi mikononi, ambalo nilikuwa sijalifua kwa sababu zangu. Asubuhi nikamkuta jike mkubwa amelilalia, na watoto wake wenye mistari wamejipanga kifuani pake. Je, ofisi inaposema "mtu", ina maana ya mtu yeyote?

3. Nilipomweleza jirani yangu, fundi cherehani, alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, kwani hukujua? Mumeo akienda kuwafukuza jioni, ndoo ya maganda iko mkononi! Alikuwa akiwaita mashemeji." Mashemeji, Ndugu Afisa. Yaani ndugu zangu mimi!

4. Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa likinitesa. Kila jioni marehemu alisimama nyuma ya nyumba akipaza sauti, "Tokeni! Tokeni!" Nami jikoni nikijisemea, nimeolewa na mwanaume. Kumbe yeye alikuwa na maana watoke msituni. Sasa mimi nikisimama pale pale nikipiga kelele, "Tokeni!" wanatoka kweli, wote, mkubwa kwa mdogo, wanakuja kunitazama mikono.

5. Wakiona mikono mitupu, hawaondoki. Wanautazama mlango nyuma yangu. Wananifanya nigeuke na mimi kuutazama. Hili ndilo kubwa kuliko yote, viazi si kitu.

Kwa hiyo ninaomba ofisi imtume mtumishi aliyevaa sare, awajulishe rasmi kwamba fundi amefariki. Avue kofia kwanza. Mimi nimejaribu, nimeshindwa kumaliza sentensi. Aidha, kwa kuwa wanadai undugu, waelezwe kuwa ndugu huja msibani na kitu mkononi, na wao wana pua nzuri ya kulimia: wageuze lile tuta la chini ambalo shemeji yangu wa miguu miwili ameahidi kulilima tangu mazishi. Wakikataa yote mawili, basi uwalete wale wawindaji mliotangaza kuwa mtawatuma kijijini, wafanye kazi yao. Sitawatetea.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na karani, ambaye simlaumu sana. Fundi cherehani naye anakusalimu, bado anacheka.

Ni mimi mwenye kulalamika kwa unyenyekevu,
Mjane wa Fundi Baiskeli

N.B. Wawindaji wamefika kabla sijafunga bahasha. Nimewaambia wamepotea nyumba, na kwamba mama aliyelalamika alihama. Nimewapa chai ili wasiondoke na kinyongo. Walipokuwa wakinywa, mkoromo ukasikika uani, mmoja akashika bunduki. Nimemwambia akae, huyo ni dada yangu, amechoka na safari. Wameshusha sauti mpaka walipoaga. Tafadhali uichane barua hii. Ila msimu ujao mkigawa mbegu ya viazi, nikumbuke.