Baiskeli Siku ya Nabii Ilias

Jumapili, 16 Julai

Simu kutoka Athene! Kampuni ya safari inamtuma binti mmoja, Danae Vlahou, aizunguke milima yetu kwa baiskeli na kuchagua nyumba moja ya wageni hapa Lithari. Kuanzia mwakani watakuja waendeshaji kumi na wawili kila wiki, Mei hadi Oktoba. Nyumba za kuchagua ni mbili: yangu, na ya binamu yangu Ilias ng'ambo ya uwanja.

Jioni akapiga dada Stamatia kutoka mjini Yanina. Kasema nisipopata wageni safari hii, nyumba ifungwe nikakae kwao. Chumba kipo. Ni kile cha kupigia pasi, ghorofa ya nne, na shemeji anafuga kasuku. Nimezaliwa katika nyumba hii. Baba alibeba mawe ya paa lake mgongoni mwa nyumbu, moja moja. Kasuku!

Danae aliniachia nichague siku, kwa kuwa mimi ndiye niliyepokea simu. Ilias alikuwa anakamua mbuzi. Mwenye nyumba atafuatana na Danae barabarani kutwa nzima, kisha binti huyo ataamua. Nimefikiri dakika tatu. Nimesema Alhamisi, tarehe ishirini.

Tarehe ishirini ni siku ya Nabii Ilias, yule aliyepaa na gari la moto. Kila mwenye jina lake hushinda nyumbani, mlango wazi, anapokea kila anayekuja kumtakia miaka mingi na kumlisha mpaka ashindwe kuinuka. Binamu atafungwa kwake kama mbuzi. Barabara itakuwa yangu peke yangu. Nimelala usingizi mtamu.

Jumatatu, 17 Julai

Nimetoa baiskeli ghalani. Kuku alikuwa ametagia kwenye kikapu chake.

Nilimwambia Danae kwamba naendesha kila asubuhi. Si uongo sana, niliendesha kila asubuhi nilipokuwa jeshini. Nimejaribu kupanda kilima cha msitu wa mialoni. Kona ya kwanza nikashuka, kona ya pili nikakaa. Akanipita shangazi Evanthia, miaka themanini na minne, na mzigo wa kuni. Akauliza kama baiskeli inaumwa.

Kwa hiyo mpango umebadilika. Gari la mwokaji mikate litatupeleka juu kabisa alfajiri, nasi tuteremke kupitia vijiji vitatu. Nimepiga simu kote. Vrysi, Vasiliki mwenye mkahawa atatuandalia pai ya mboga za porini. Mesaria ni kondoo wa kuoka. Dendro, cheri za sukari na kahawa. Wote wamejibu ndiyo, ndiyo, Fotis, njoo tu. Watu wema sana hawa.

Kurudi Lithari kuna kilometa tisa za kupanda. Hilo nitalifikiria tukifika.

Jumanne, 18 Julai

Nimemkuta Ilias mkahawani. Kasema amesikia ni Alhamisi, basi tena, binamu, siku hiyo mimi sitoki, unajua mwenyewe. Nimekunja uso wa huzuni. Nimesema maskini wee, laiti ningekumbuka! Akanipigapiga bega.

Nilipoinuka kulipa kahawa, nikaambiwa imeshalipwa. Alimkonyeza mwenye mkahawa kabla sijaketi! Mara ya tatu wiki hii. Mtu mbaya sana, hakupi hata nafasi ya kumchukia vizuri.

Jumatano, 19 Julai

Danae amefika, na baiskeli nyepesi ambayo unaweza kuiinua kwa kidole. Msichana mpole, miguu ya chuma. Amekula supu yangu ya maharage yote na kuomba nyingine. Amesifu paa. Nusura nimwambie habari za nyumbu, nikaenda kumkatia mkate.

Aliuliza abebe chakula gani kesho. Nikamwambia ng'o! Ukipita vijijini kwetu na mkate begini watu watasema unawatukana. Tutalishwa kila kituo. Basi akatoa ndizi zake na biskuti begini, akaziacha mezani.

Alhamisi, 20 Julai

Siku ya leo naiandika kwa shida, maana hata vidole vinauma.

Alfajiri mwokaji hakutokea. Gari lake alilipeleka kilimani kwenye kanisa dogo la Nabii, limejaa mikate ya sadaka. Tukaanza kupanda kwa nguvu za miguu yetu. Nilimwambia Danae kwamba wenyeji husukuma baiskeli sehemu hii kwa heshima ya msitu. Akasema vizuri, akaendelea kuendesha.

Vrysi tulifika saa tano. Uwanja mtupu. Mkahawa wa Vasiliki umefungwa kwa kufuli, na karatasi mlangoni: Tuko kwa Ilias. Nikacheka kidogo. Nikasema Mesaria hawafanyi mambo haya.

Mesaria, nyumba zote za mawe kimya, madirisha yamefungwa, paka mmoja ukutani. Karatasi: Tuko kwa Ilias. Danae akauliza kama huyu Ilias ndiye mwenye ile nyumba nyingine. Nikasema ni jina la kawaida sana. Hapo tumbo langu likaunguruma kwa sauti ambayo msitu wote uliisikia.

Dendro mnyororo wangu ukakatika. Nilipata peremende moja ya kikohozi mfukoni, tukaigawana kwa jiwe. Danae hakulalamika, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Aliuliza tu, polepole, kama niliwapigia watu hawa simu kweli. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Jamani, nilipiga! Nilikumbuka kwamba Ilias hatatoka kwake. Sikukumbuka kwamba watu wengine wote wataingia.

Kilometa tisa za mwisho nilisukuma baiskeli, naye akasukuma ya kwake ili nisiwe peke yangu. Tulifika Lithari saa kumi na mbili jioni. Klarineti inalia, harufu ya nyama uwanja mzima, mlango wa Ilias wazi. Danae akauliza ile ni nyumba ya nani. Nikasema sijui.

Shangazi Evanthia akatokea barazani, sauti yake ikavuka uwanja: "Fotis! Huoni haya? Kijiji kizima tangu asubuhi, wewe binamu yake ndiyo unafika sasa? Mlete huyo mtoto ale, ona alivyokonda!"

Siku ya jina haina mwaliko. Mlango ukiwa wazi unaingia, na usipoingia utasemwa miaka kumi. Tukaingia.

Vasiliki wa Vrysi alikuwepo, na pai ileile. Nilipomwuliza kulikoni, alishangaa kweli. "Wee Fotis, nilikwambia njoo tu. Njoo wapi kama si hapa? Nani atakaa nyumbani anauza pai siku ya Nabii?" Kondoo wa Mesaria alikuwepo. Cheri za Dendro zilikuwepo. Vijiji vyangu vitatu vilikaa meza moja, kwa binamu yangu. Danae alikula vipande saba vya pai, nilivihesabu.

Na dada Stamatia alikuwepo! Kaja kwa basi kumtakia Ilias miaka mingi, na sanduku tupu mkononi. Kwa ajili ya nguo zangu.

Nikamwendea Ilias, nikasema miaka mingi. Akanikumbatia mbele ya wote, akatangaza kwamba Fotis kamtembeza mgeni kutwa bila kumlisha, makusudi, ili aje na njaa kwenye sikukuu ya binamu yake. Watu wakapiga makofi. Danae akanitazama. Nami nikainama kidogo kuwashukuru, ningefanya nini?

Ijumaa, 21 Julai

Ameamua. Nyumba ya Ilias.

Stamatia akaanza kufungasha, kwanza mito. Alikunja mashuka ya mama mawili mawili, na nilimwona akijifuta macho kwa foronya. Nikashuka stoo chini nikalia karibu na pipa la jibini. Nililia sana, sioni haya kuandika. Niliwaza nitakavyolala kati ya ubao wa pasi na kasuku, nisikie mvua inapiga paa la watu wengine.

Saa nane mlango ukagongwa. Ilias na Danae. Ilias kavua kofia. Kasema vyumba vyake ni sita tu, waendeshaji ni kumi na wawili, na hawezi kuwalaza wawili wawili watu wasiojuana. Kamwambia Danae kazi aichukue na binamu yake au asiichukue kabisa. Nusu wale na kulala kwangu. Danae kakubali, kwa sababu ya supu na paa. Sharti moja: nisiongoze mtu yeyote barabarani, kamwe, hata akiniomba.

Nilikaa kwenye ngazi. Stamatia alirudisha mashuka kabatini bila kuambiwa. Ilias akasema tukanywe kahawa. Kwenda kulipa, imeshalipwa.

Anataka nini huyu mtu?

Jumamosi, 22 Julai

Nimekesha nikichambua. Ni wazi sasa. Ilias hakushinda kwa nyumba wala kwa wema. Alishinda kwa kalenda! Siku ya jina lako watu wote ni wako, pai zote ni zako, na mgeni yeyote anayepita na baiskeli ataingia mlangoni kwako mwenyewe, hana pengine pa kwenda. Mimi kosa langu lilikuwa moja tu, nilichagua siku ya mtu mwingine.

Siku ya jina langu ni tarehe sita Januari.

Nimemwandikia Danae asubuhi hii, bila kumsumbua Ilias. Nimemwambia Mei ni mbali mno, kundi la kwanza lije tarehe sita Januari, na kumi na wawili wote wafikie kwangu. Nimeeleza kwamba barabara siku hiyo huwa haina gari hata moja.

Theluji sikuitaja. Mwaka jana ilifika hadi madirishani.