Cheti cha Kifo cha Injini

Mtu anayeliacha gari likinguruma peke yake huku akinunua gazeti ng'ambo ya barabara hana uchungu wa mali. Na asiye na uchungu wa mali, kwa hesabu za Daktari, anawatunzia wengine.

Gari lilikuwa jekundu, la michezo, la mfamasia mwenye duka la kona. Daktari hakuwa daktari. Alikuwa na kibanda cha kuoshea magari, ovaroli safi kupita kiasi, na kile kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo, ambacho alikiweka juu ya injini za watu kwa uso wa msiba. Watu walimheshimu kwa kipimo hicho. Watu huheshimu vitu vya ajabu.

Siku hiyo alimwoshea mfamasia gari bure. Alipomaliza, alifungua boneti eti apanguse vumbi, akasokomeza kitambaa kwenye bomba la kuingizia hewa. Kisha akakaa kusubiri mgonjwa.

Jioni gari lilirudi likikohoa. Mfamasia alishuka bila kulizima.

"Fundi, limekata nguvu ghafla. Nikikanyaga, linaguna tu. Pale mlimani nimepitwa na baiskeli."

Daktari aliweka kipimo, akafumba macho. Hakufungua hata skrubu moja. Ya nini kuutafuta ugonjwa aliouweka mwenyewe?

"Dada yangu, kaa chini."

"Nimesimama vizuri. Sema."

"Injini hii si kama za wenzako. Haina pistoni. Ndani kuna chuma cha pembetatu kinachozunguka, na kwenye ncha zake kuna sili za kuzibia. Sili zikiisha, mgandamizo unavuja, nguvu inakwenda na upepo. Zako zimekwisha. Hapa tunaongea na marehemu." Maneno hayo aliyaokota kwa mteja mmoja akiwa anamsugulia magurudumu.

"Umepima huo mgandamizo?"

"Maiti hapimwi homa, dada."

Mfamasia alilitazama gari. "Sasa nifanye nini?"

"Kwa kuwa wewe ni ndugu, nitalichukua nipate vipuri viwili vitatu. Nikupe pikapu yangu ikubebee maboksi."

Pikapu ile ilikuwa kuukuu, lakini iliwaka kila asubuhi bila kubembelezwa, na ndiyo iliyomletea maji ya kuoshea magari. Bila pikapu hakuna maji, bila maji hakuna kibanda. Ilikuwa kitu pekee katika maisha yake ambacho hakijawahi kumdanganya mtu. Aliiachia bila kupepesa, maana mwenye ukumbi mmoja wa muziki upande wa pili wa mji alikuwa akilisubiri gari jekundu kwa bei ya pikapu tatu.

"Sawa," alisema mfamasia. "Ila sisi watu wa dawa hatutoi kitu kwa maneno ya mdomo. Niandikie cheti."

Daktari aliandika kwa raha: sili zimekwisha, injini imekufa. Mfamasia alimwongezea mstari mmoja, "Nimelichukua nikijua hali yake," naye Daktari akatia sahihi na kugonga muhuri wa kibanda. Mhuni akipewa nafasi ya kugonga muhuri hujiona serikali.

Asubuhi alichomoa kitambaa. Injini, iliyolala baridi usiku kucha, ikashika papo hapo. Daktari alikata mji mzima dirisha likiwa wazi, akiwahurumia wanawake wasomi.

Karibu na ukumbi aliingia kituo cha mafuta, maana gari la kuuza halipelekwi na tangi tupu. Mhudumu akamwambia azime. Akazima, akajaza, akawasha. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikushika. Alifungua boneti, akatumbukiza mkono bombani hadi kwenye kiwiko. Bomba lilikuwa safi kama ovaroli yake. Akapiga simu.

"Dada, gari lako haliwaki."

"Gari lako," mfamasia alisahihisha. "Limepata moto?"

"Ndiyo."

"Basi subiri lipoe. Likiwa na moto haliwaki, ndiyo maana nilikuwa silizimi ovyo. Ni hizo sili, soma cheti chako. Nguvu kukatika ndilo lililokuwa jipya, nikajua sasa zimekwisha kabisa. Umeandika sawasawa na fundi wangu wa mwaka jana." Funguo zikalia kwenye simu. "Ila yeye alipima."

Nyuma ya sauti yake Daktari aliisikia pikapu ikiwashwa. Ilishika mara moja.